Aliyelala Mwisho wa Reli

Kisauni, nyuma ya Frere Town
14 Februari 1944

Kwa ndugu yangu Phineas,

Kila aliyesikia kwamba leo naandika amepita barazani kuniachia salamu zake, nami nikizitaja zote karatasi itakwisha. Basi zipokee kwa jumla. Baba akusalimu. Shemeji yako Charo akusalimu; yungali bandarini, na siku hizi ni meli za jeshi mfululizo, jioni arudipo viganja vimechubuka hata tonge halishikiki. Nami namshukuru Mungu, mwezi wa Desemba nimejifungua mtoto wa kike. Kanisani ni Ruthu, nyumbani tumempa jina la marehemu mama, Kafedha. Mvua ya vuli ilitupita mbali. Mahindi yalikauka yangali na ndevu. Twala muhogo, na siku mchele ukipatikana dukani watu husimama mstari tangu alfajiri.

Ndugu yangu, ile reli ndogo uliyoifanyia kazi imekwisha kabla haijaanza. Mwezi uliopita yalikuja malori, vyuma vyote vikang'olewa tangu ufukoni hadi kule porini vilikokomea, pale watu wapaitapo Mwisho wa Reli. Wanasema vyuma vyahitajiwa vitani. Mataruma, zile mbao zilizolala chini ya vyuma, wanawake wameyabeba kuwa kuni. Injini tuliyoahidiwa hatukuiona hata moshi wake. Tulichowahi kuona ni vile viberenge vya kusukumwa kwa mikono. Sasa limebaki tuta tupu, jekundu, lapita katikati ya mashamba yetu bila kumpeleka mtu popote.

Lililonifanya nishike kalamu ni Baba. Kila jioni, jua likipungua ukali, hushika fimbo yake akapanda juu ya tuta, akatembea kutoka mpaka mmoja wa shamba letu hadi mwingine, polepole, akisema peke yake. Juma lililopita nilimfuata kwa mbali nikidhani amepoteza kitu. Nikamsikia akisema, kwa sauti ile aliyokuwa akizungumza nayo na mama jikoni, "Usiudhike. Hawapiti tena." Aliponiona aliniuliza kama mtoto amelala.

Nami nashangaa hili. Reli ilipopangwa kupita juu ya kaburi la mama tuliambiwa tumhamishe, nanyi wawili, wewe na Baba, ndio mliokwenda kumfukua. Mimi nilikuwapo siku ya kumzika mara ya pili kule Mwisho wa Reli. Msalaba upo, jina lipo, nami huenda kila Jumapili baada ya ibada kupalilia. Lakini Baba hajakanyaga pale tangu siku ile. Nikimwambia twende, hutafuta kazi ya kufanya. Wewe ulikuwa naye. Je, palitokea neno ambalo mimi sikuambiwa?

Ukipata nafasi nijibu upesi.

Dada yako,
Sidi


Ng'ambo, mahali pasiporuhusiwa kutajwa
2 Mei 1944

Dada yangu Sidi, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, lakini wino wako mzuri haukukimbia. Nilipofika kwenye habari ya mtoto niliwasomea wenzangu wa hema kwa sauti, na Mluo mmoja mcha Mungu akamwombea palepale. Mshike mkono kwa niaba yangu. Mwambie Charo ajipake mafuta ya nazi viganjani kabla ya kazi, si baada.

Mimi ni mzima. Huku ni msitu, na mvua yake si kama yetu ya masika ambayo hupumzika ikavuta pumzi. Nguo hazikauki. Ruba hutuingia mpaka ndani ya viatu. Chakula kipo, isipokuwa nimesahau harufu ya nazi. Jumapili iliyopita tuliimba kwa Kiswahili, wa Pwani na wa bara, na kwa muda mfupi nilidhani nasikia kengele ya Frere Town.

Habari ya reli nimeisikia. Vyuma na viende.

Kuhusu Baba, mwache atembee. Usimfuate tena, dada, nakusihi. Mtu mzima akizungumza peke yake ana sababu yake.

Na kuhusu kaburi, nakushukuru unalitunza. Nina ombi dogo. Ukienda, chukua maji katika kata, uyamwage polepole upande wa kichwani. Usiniulize sababu, ni mawazo ya mtu aliye mbali. Na mtoto usimpeleke kule.

Nisalimie Baba. Mwambie neno lake nimelishika.

Mdogo wako,
Phineas


Kisauni
30 Julai 1944

Ndugu yangu Phineas,

Tumepokea barua yako, lakini mistari miwili ilikuwa imepakwa wino mweusi na mkono usio wako. Charo aliiinua juani tujaribu kuisoma, haikusomeka. Baba nilimfikishia salamu. Niliposema "neno lake nimelishika" aliinuka akaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amekwisha fungwa.

Mtoto ameota meno mawili ya chini. Kuku wetu wameliwa na kicheche. Mwalimu Mwidani wa shule ya misheni amehamishiwa Rabai, akusalimu.

Sasa nisikilize, wala usinicheke, maana nimesoma misheni kama wewe na mambo ya mapepo siyafuati. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nilikwenda kaburini na maji kama ulivyosema. Nilimchukua na mtoto, sikuwa na wa kumwachia. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna mtu wala mbuzi. Nikamwaga maji kichwani. Ardhi iliyanywa mara moja, Phineas, nami nimemwagilia bustani maisha yangu yote, sijaona udongo unywao namna ile. Kisha nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi kikavu cha mwanamume, kama cha mtu aliyevuta vumbi la mawe. Nikazunguka msalaba, nikatazama kichakani, hamna mtu. Ningesema ni masikio yangu, lakini mtoto naye alikuwa amegeuza shingo, anapaangalia palepale kilipotokea.

Na tangu siku hiyo nasikia pale harufu ya ugoro. Mama hakutumia ugoro. Wala sisi wa nyumba yake hatuna autumiaye.

Nikaanza kukumbuka siku ya maziko yale. Mama alikufa mwaka wa nzige. Mlipomfukua alikuwa amekaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Mbona sanduku lake lilibebwa na wanaume wanne, nao wakapokezana njiani? Mbona wewe ulikuwa na vidonda vya kucha mikononi, na Baba alipotupa udongo alisema "Unisamehe, mwanangu," wala hakusema "mke wangu"? Siku ile nilidhani huzuni imemchanganya.

Phineas, nani amelala pale?

Sidi


Ng'ambo
11 Januari 1945

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Utanisamehe kwa ukimya. Barua yako ya Julai ilinikuta Novemba, nami nilikuwa hospitali ya hemani kwa homa, na kabla ya homa tulikuwa mahali ambapo mtu haandiki. Sasa nina nafuu. Nimekonda, lakini nimeambiwa mwili utarudi.

Nimefurahi juu ya meno ya mtoto. Mpe mfupa wa kuku aung'ate, ndivyo mama alivyokufanyia wewe, aliniambia. Habari ya Mwalimu Mwidani imenisikitisha, Rabai wamepata mtu. Juu ya kicheche, zibeni upande wa chini wa banda kwa mawe ya matumbawe, makuti hayamzuii.

Juzi tulimzika kijana wa Kitui. Hakuwa wa kikosi changu, sikumjua jina. Wenzangu walikuwa na sepetu na haraka, maana tulitakiwa kuondoka. Niliomba nimfunike uso kwa mikono yangu kwanza. Mmoja akaniuliza, "Ni ndugu yako huyo?" Nikasema ndiyo.

Umeniuliza na jambo jingine. Mkono wangu umechoka, dada.

Endelea kupeleka maji.

Phineas


Kisauni
8 Aprili 1945

Ndugu yangu,

Nashukuru u hai. Hapa wote tu hai pia, ingawa Baba kifua kinamsumbua, na Charo aliangukiwa na gunia mguuni akakaa nyumbani juma zima. Mtoto anatembea akishika ukuta.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta jibu ndani yake. Umenifundisha kuzuia kicheche. Sawa.

Alhamisi iliyopita alikuja mwanamke hapa nyumbani. Ni Mkamba, jina lake Nduku, umri kama wangu, mwembamba, amebeba kikapu na mtungi. Ameshuka gari la moshi Changamwe, akafikia kwa watu wa kwao wafanyao kazi Port Reitz, na kila siku huvuka kuja upande huu akiuliza ilipopita reli ndogo. Watu wakamleta kwetu kwa kuwa shamba letu ndilo lililokatwa katikati.

Nilimpa maji ya kunywa. Akaketi, akasema, "Mimi natafuta bwana yangu. Kioko. Alikuja kuchimba reli hapa. Mwaka wa arobaini na mbili nyapara akatuma habari nyumbani, akasema Kioko ametoroka kazi, amefuata mwanamke wa Pwani."

Nikamwuliza, "Na wewe wasemaje?"

"Mimi nasema Kioko hangeacha watoto. Lakini kwetu wanacheka. Mama yake hatoki tena kwenda sokoni." Kisha akaniangalia. "Dada, wewe ulimwona? Mtu mrefu, mkimya, wa ugoro. Kila wakati ugoro."

Phineas, kata ilinitoka mkononi.

Nilisema nitauliza wazee, arudi. Tangu siku hiyo amepita kila asubuhi na kusimama juu ya tuta, anatazama kule lilikoishia. Hadai, hapigi kelele. Baba akimwona huingia ndani na kufunga mlango, mchana kweupe. Nami siwezi kupika wala kusali. Kwa miaka miwili na zaidi nimepalilia kaburi lile, nikamweleza mama habari zangu zote, hata zile ambazo mwanamke humwambia mama yake tu.

Nakungoja wewe, lakini barua yako ikija kwa mwendo wa ile ya mwisho, huyu mwanamke atakuwa amerudi kwao na aibu yake. Sidhani nitangoja.

Sidi


Kisauni
17 Juni 1945

Ndugu yangu Phineas,

Vita vya Ulaya vimekwisha, kengele ilipigwa hapa mpaka kamba ikakatika. Twaomba na vya kwenu viishe. Mtoto na Charo wazima. Sasa nikueleze kwa utaratibu, maana umekwisha wekwa huru na lile ulilonificha.

Sikungoja barua. Nilimchukua Nduku kwa mkono nikamwingiza uani, nikaenda kugonga mlango wa Baba. Nikamwambia, "Baba, huyu ni mke wa Kioko. Ukimnyamazia leo, nami usiniite tena mwanao." Sijawahi kumtamkia Baba maneno kama hayo. Akatoka, akaketi mkekani mbele ya Nduku.

"Wanasema mumeo alitoroka?" akamwuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hakutoroka."

Nduku hakulia. Aliweka mikono mapajani akangoja.

Baba akasema, "Reli ilipofika kwangu niliamriwa nimhamishe mke wangu. Tukachonga sanduku, mimi na mwanangu, tukachimba kaburi kule mbele, na padre tukamwita kwa siku ya pili yake. Lakini nilipofika pa kumfukua nilikataa. Nikamwambia mwanangu, mama yako alikwisha zikwa, inatosha. Tutatia mchanga sandukuni, padre ataomba, na hao wenye reli wataridhika. Jioni ile, tukiwa kule kwenye kaburi jipya, kilima walichokuwa wakikikata kikaporomoka. Mumeo alikuwa chini yake."

"Alikufa palepale?"

"La. Mwanangu alimfukua kwa kucha. Alikuwa anakohoa. Aliomba maji, na maji yalikuwa mbali. Mwanangu alikwenda mbio, aliporudi nayo roho ilikuwa imekwisha toka."

Nduku akafumba macho. Baba akaendelea, sauti yake ikiwa ndogo. Alisema Bwana msimamizi wa reli hakutaka maiti, kwa sababu wakubwa wake walikuwa wakija kesho yake kuitazama kazi. Akaamuru Kioko afukiwe ndani ya tuta pamoja na kifusi, na nyapara aseme ametoroka. Atakayefungua mdomo atafungwa, na shamba litakwenda.

"Nikasema mtu hafukiwi kama kisiki," Baba akasema. "Sanduku ninalo, kaburi ninalo, padre anakuja. Nimpe huyu. Tukamlaza humo magharibi ile, na asubuhi akaombewa na kanisa zima."

"Kwa jina gani?" Nduku akauliza.

"Kwa jina la mke wangu."

"Nani alimfumba macho?"

"Mwanangu Phineas. Juma lilelile jina lake lilipelekwa kwa chifu, akachukuliwa jeshini. Kabla hajaondoka nilimwapisha asimwambie mtu, hata dada yake. Niliogopa."

Nduku akanigeukia. "Basi dada, wewe ulikuwa unamlilia nani pale?"

Nilimwambia nililia tu, na aliyelala pale ndiye aliyesikia.

Nikamwuliza Baba mama yuko wapi hasa. Nilikuwa nimekwisha kujua, lakini nilitaka atamke. Akasema yuko chini ya tuta, walimwaga udongo juu yake. Pale alikuwa akipajua kwa mkorosho, mkorosho ukakatwa. Kisha akapajua kwa taruma lililopasuka, mataruma yakabebwa. Sasa tuta lote ni moja. "Ndiyo maana natembea lote," akasema. "Mahali fulani namkanyaga, basi nazungumza tangu mwanzo hadi mwisho asije akadhani ni wale wa reli."

Tulikwenda Mwisho wa Reli sisi watatu. Baba alisita penye kichaka, kisha akaja. Nduku aliketi chini karibu na msalaba, akaanza kusema Kikamba, na ingawa sikielewi nilijua kwamba anamgombeza. Alimgombeza kwa muda mrefu, mkono ukipiga udongo, kama mke anavyomgombeza mume aliyechelewa kurudi na chakula kimepoa. Alipomaliza alimpa maji, akanyunyiza ugoro kidogo. Ndipo alipolia. Nilimshika mabega nami nikalia, kwa ajili ya wawili.

Nilimwuliza kama atataka kumchukua kumpeleka kwao. Akasema, "Hapana. Amehangaishwa vya kutosha. Jina lake tu liandikwe." Charo amelichonga, KIOKO, herufi kubwa, msalaba uleule. Baba alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa akawaeleza. Wamemzuia meza ya Bwana mpaka watakapokata shauri. Amesema ni haki yao, na usiku ule alilala usingizi mpaka jua likapanda. Kwa yule msimamizi hatukuwa na pa kwenda. Kampuni ilipovunjika kila mmoja alishika njia yake.

Kikohozi sijakisikia tena. Sisemi kimekwisha. Nasema sijakisikia.

Lakini Nduku ameondoka na mzigo mmoja. Siku ya kuagana aliniambia, "Mimi nimeamini. Mama yake nitamwambia nini? Watasema nimepata mtu wangu huku Pwani, nikatunga hadithi ya kumfukia mume. Yuko mtu aliyemwona akifa. Huyo angekuja angeaminiwa." Kwao ni Mbooni, vilima vya Machakos. Ukifika sokoni uliza nyumba ya Kioko aliyepotelea Pwani, wote wanaijua, kwa kuwa wote wanaicheka.

Baba ameniagiza niandike hivi: kiapo alichokuapisha amekifungua.

Dada yako,
Sidi


Ng'ambo, kambi ya kungojea meli
2 Oktoba 1945

Dada Sidi, shikamoo.

Vita vimekwisha nasi tumeketi pwani ya watu tukitazama meli zikichukua wengine. Wa kwanza kurudishwa si sisi. Mvua imepungua. Nimejifunza kushona viatu, nami nimekushonea jozi kwa kukisia mguu.

Barua yako ya Juni nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umefanya lililonishinda kuandika. Kila barua niliyokuletea niliianza na jina la Kioko, nikaichana, nikakuletea ile ya kicheche. Uso wake ninao, dada. Kila tuliyemzika huku nilimwona ni yeye, na kila mara nilikuwa nikikimbia na kata ya maji.

Mwambie Baba nimepokea. Mwambie atembee juu ya tuta hata kwa sehemu yangu.

Mbooni nimepaandika ndani ya kofia.

Phineas


Mbooni, Machakos
19 Agosti 1946

Dada yangu Sidi, shikamoo. Mpe Baba shikamoo yangu, na umwombe radhi kabla hajauliza, kwa maana nimepita mlangoni kwenu bila kuingia.

Tulishushwa Kilindini, tukapakiwa gari la moshi saa ileile kupelekwa kambi ya kuachiliwa huku bara. Gari lilipopita Changamwe niligeuka upande wa Kisauni, sikuona ila minazi. Wenzangu wa Pwani waliimba. Mimi nilikuwa nahesabu mdomoni maneno ya kusema Mbooni, nayo yalikuwa hayatoshi. Nilipoachiliwa wiki hii ningeweza kushuka nyumbani moja kwa moja. Nikaona nikishafika na kula chakula chako na kumbeba mtoto, sitapanda tena vilima hivi.

Nilifika jana mchana kwa lori la mboga, nikiwa na koti la jeshi. Pale sokoni nilipotaja nyumba ya Kioko, kijana mmoja alicheka. Nikamwambia, "Nionyeshe njia, na njiani nitakueleza alivyokufa." Hakucheka tena, na tulipofika walikuwa wamefuatana nasi watu wengi.

Nduku alinitambua kabla sijasema jina. Ati nina uso wako. Mama yake Kioko ni mwanamke mdogo, mkavu, macho yameanza kuingia ukungu. Alikuwa ameketi penye kivuli cha ghala akipukusa mahindi, wala hakuacha. Nikamwambia yote, Nduku akinigeuzia kwa Kikamba: kilima, mikono yangu, maji niliyochelewa nayo, sanduku, maombi. Watu walisimama uani. Yeye aliendelea kupukusa.

Nilipomaliza akauliza neno moja. Nduku akaniambia, "Anauliza, siku ile alikuwa amekula?"

Nikasema, "Alikuwa amekula, mama. Mchana ule tulikula sahani moja, mimi na yeye. Muhogo wa kuchemsha na papa wa nazi."

Nduku alipofika kwenye papa alisita, kisha akatafuta neno, kisha akasema samaki. Mama yule akatupa gunzi chini. Akasema kwa ukali kwamba mimi ni mwongo, kwamba mwanawe tangu kuzaliwa hakutia samaki kinywani, kwao samaki ni kama nyoka, na kwamba huyo niliyemzika ni mtu mwingine. Uani watu wakaanza kunong'ona. Niliona uso wa Nduku ukisawijika.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Mama, alipokuja alikuwa akiziba pua. Alikaa upande wa upepo tukila. Baadaye akaonja mchuzi peke yake, akisema ni mchuzi tu, samaki hayumo. Kisha akaonja kipande. Siku za mwisho alikuwa akiniwahi kwenye kichwa cha samaki. Naye akaniapisha, akasema, nikienda kwetu na wewe siku moja, usimwambie mama, atanichoma midomo kwa mwiko."

Nduku alianza kugeuza, akashindwa katikati, akaishia kwa sauti iliyokatika. Mama yule alikaa ametoa macho kuelekea kwangu, sijui aliona kiasi gani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, dada. Alicheka bila meno, machozi yakishuka, akisema neno moja tena na tena, nami baadaye nilimwuliza Nduku ni neno gani. "Mwiko," akasema. "Anasema, mwiko wenyewe bado ninao."

Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, kisha akawageukia wale watu waliojaa uani akawaambia jambo, nao wakatoka mmoja mmoja, na kijana yule wa sokoni akatoka wa mwisho, kichwa chini.

Nimelala hapa. Asubuhi hii nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda mlangoni, nimelishwa mpaka siwezi kuinama. Kesho nitashuka kwa gari la kwanza lipatikanalo. Ningeondoka leo, lakini mama yule ametuma kuwaita dada zake wa ng'ambo ya bonde. Sasa hivi wamefika, wamepanga viti, na ananiita nirudie pale pa samaki.

Mdogo wako,
Phineas